Kiyoyozi cha karavani kinapuliza lakini hakipozi: pa kuanzia kutafuta

Kiyoyozi cha karavani kikipuliza hewa isiyo na baridi, wengi husema palepale kwamba gesi imeisha. Ni nadra kuwa hivyo. Viyoyozi hivi, viwe vya kufungwa juu ya paa au vya kufichwa chini ya kitanda, mabomba yake yamelehemiwa kiwandani kama ya friji. Gesi haichomwi wala hailiwi. Ni ileile inayozunguka miaka yote, na haipungui mpaka bomba litoboke au maungio yaachie. Kabla ya kufika huko yapo mambo mengi mepesi yanayoleta dalili hiyohiyo: chujio lililoziba, volti chache zinazoifikia kompresa (pampu inayozungusha gesi), baridi inayonyonywa tena na mashine kabla haijaingia chumbani, kapasita (kifaa cha umeme kinachosaidia mota kuanza na kuzunguka) iliyochoka. Anza na yasiyohitaji bisibisi, umalizie na yanayohitaji fundi wa gesi. Usiruke vipimo.

Pima joto mara mbili

Weka rimoti kwenye alama ya theluji, shusha joto hadi kiwango cha chini kabisa (kwa kawaida nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi), weka feni kwenye kasi ya juu, funga mlango na madirisha, kisha iache mashine ifanye kazi dakika 20. Chukua kipimajoto cha kidijitali chenye kihisio cha waya. Kwanza kiweke kwenye grili ambapo mashine inavuta hewa ya chumba, usubiri namba itulie. Halafu kiingize kwenye tundu la kutolea hewa lililo karibu zaidi na mashine. Kile kipimajoto cha bastola hakifai hapa, kwa kuwa kinasoma joto la plastiki ya grili, si la hewa.

Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni ya mashine nzima. Ikiwa hewa inaingia na nyuzi 33 na kutoka na 23, kiyoyozi kinafanya kazi yake hata kama jasho bado linakutoka. Tatizo ni joto linaloingia karavani, nalo lina sehemu yake hapa chini. Penye unyevu mwingi tofauti hupungua kidogo, kwa sababu sehemu ya nguvu ya mashine inatumika kugeuza mvuke kuwa maji. Maji yanayodondoka nje kwa wingi ni ushahidi kwamba koili ya ndani (mabomba yenye mapezi membamba yanayopoza hewa) ina baridi. Tofauti ya nyuzi 3 hadi 5 ni ya mashine iliyodhoofika. Ikizidi nyuzi 14 usifurahi: hewa inapita polepole mno, na barafu iko njiani. Ikiwa hakuna tofauti yoyote, kompresa haizunguki, au inazunguka bila kusukuma kitu.

Wakati unasubiri, tega sikio. Feni huanza mara moja. Kompresa huchelewa makusudi, katika mashine nyingi kwa dakika 3 hivi, ili mgandamizo wa gesi usawazike pande zote mbili kabla ya kuzunguka. Kisha husikika mngurumo mzito zaidi, sakafu au dari hutetema kidogo, taa hufifia kwa kufumba na kufumbua. Anayekosa subira akazima na kuwasha kila baada ya dakika moja anarudisha saa nyuma kila mara, halafu anasema kompresa imekufa.

Hakikisha pia hujadanganywa na rimoti. Alama ya tone la maji ni ya kukausha hewa: kompresa hufanya kazi kwa vipande na feni huenda polepole, kwa hiyo chumba hakiwezi kupoa sana. Alama ya feni peke yake haina baridi kabisa. Ile hali ya kujiamulia, katika mashine zenye uwezo wa kupasha joto pia, inaweza kuchagua joto asubuhi yenye ubaridi na kubaki hapo. Rimoti nyingine zina kihisio cha joto ndani yake. Ukiiacha chini ya tundu la hewa baridi, mashine itadhani kazi imekwisha. Themostati ya ukutani iliyo mbele ya tundu la hewa ina ugonjwa huohuo.

Volti zinazofika kwenye soketi

Soketi kuwa na umeme hakumaanishi kompresa imeshiba. Mota ya kompresa ikipewa volti pungufu huvuta ampea nyingi zaidi, hupata moto, na kinga yake ya joto huikata. Feni inaendelea kupuliza, hivyo anayekaa ndani anaona tu hewa imekuwa vuguvugu. Dalili inayotambulisha hali hii ni mashine inayopoza vizuri asubuhi na kushindwa mchana au jioni, wakati karavani zote za jirani zimewasha zao.

Pima kwa multimita kwenye soketi ya ndani, iliyo karibu na mashine kadiri inavyowezekana, si kwenye nguzo ya nje, ile ya kambini ambako karavani huchomekwa. Soma mara tatu: kompresa ikiwa imezimwa, sekunde inapoanza, na baada ya dakika 10. Kwenye mfumo wa volti 230, ukiona chini ya 207 wakati kompresa inazunguka, zima. Kwenye mfumo wa volti 120, kikomo cha kuogopa ni kama 105. Kushuka kwa muda mfupi kompresa inapoanza ni kawaida. Kushuka na kubaki chini si kawaida.

Mara nyingi mla volti ni waya wa ekstensheni. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, wenye urefu wa mita 25, una ukinzani wa takriban omu 0.37 kwenda na kurudi. Kwa ampea 10 unapoteza volti 3.7 tu. Waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu uleule una omu 0.6, hivyo unapoteza volti 6, na kompresa ikianza kwa kuvuta ampea 30 zinaondoka 18. Unganisha nyaya mbili za namna hiyo na umepata jibu lako. Ekstensheni ya gurudumu ifungue yote hata kama nguzo iko mita tano tu kutoka hapo, kwa sababu waya uliobaki umejiviringa unatunza joto lake hadi ganda la plastiki linayeyuka. Gusa plagi baada ya nusu saa. Uvuguvugu unavumilika, lakini plagi isiyoshikika ina pini iliyolegea au kuungua, na inabadilishwa, haisuguliwi.

Halafu kuna hesabu ya ampea. Nguzo ya ampea 6 kwenye volti 230 inatoa wati 1,380. Kiyoyozi kikitumia 900, birika la wati 2,000 halina nafasi, wala hita ya maji. Ampea 10 ni wati 2,300. Ampea 16 ni wati 3,680.

Kwa jenereta, namba kubwa iliyoandikwa ubavuni si ile unayoweza kuitumia mfululizo. Jenereta ya wati 2,000 mara nyingi hubeba wati 1,600 kwa muda mrefu, na kompresa ya kawaida wakati wa kuanza inataka mara 3 hadi 6 ya ampea zake za kawaida. Jenereta ikizama sauti, ikajikata kila kompresa inapotaka kuanza, ondoa vitu vingine vyote, uzime ile hali ya kuokoa mafuta ili injini iwe kwenye mwendo wa juu tayari, kisha jaribu. Ikishindwa bado, kipo kifaa kidogo cha kuwasha mota polepole kinachofungwa kwenye nyaya za kompresa. Hupunguza sana ampea za kuanzia. Milimani jenereta hupoteza nguvu, takriban asilimia 3 hadi 4 kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo jenereta iliyotosha ufukweni inaweza kugoma juu.

Anayetumia betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi) ajue kwamba wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 85. Nyaya nyembamba kati ya betri na inveta zitashusha volti hadi inveta ijizime. Inveta yenyewe iwe ya wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi zinaweza kuunguza mota na kuchanganya saketi za rimoti.

Hewa ya ndani

Chujio linaoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo kila wiki mbili za matumizi, na mapema zaidi kama kuna mbwa au paka ndani. Likaushe kabisa kabla ya kulirudisha. Kulitoa moja kwa moja ukaendesha bila chujio kunaleta nafuu ya wiki moja na adhabu ya miaka: vumbi linakwenda kujishika kwenye koili ya baridi yenye unyevu, likawa tope ambalo huwezi kulifikia bila kufungua mashine.

Ukilitoa chujio ukaona barafu au ukungu mweupe kwenye koili, usitafute tatizo jingine kwanza. Koili yenye barafu haipitishi hewa. Zima kompresa, acha feni peke yake kwa saa moja hadi mbili, uweke taulo chini. Barafu usiikwangue kwa kisu, kwa sababu mabomba yaliyo nyuma yake ni membamba na hapo ndipo gesi itaisha kweli. Barafu ikisharudi kuwa maji, sababu hutafutwa kwa mpangilio huu: chujio, feni ya kasi ndogo usiku kucha, matundu mengi mno yaliyofungwa, kihisio cha barafu kilichochomoka mahali pake kwenye mapezi ya koili, na mwishoni gesi pungufu. Baridi ya nje nayo huchangia. Chini ya nyuzi 16 hadi 18 nje, viyoyozi vingi havikukusudiwa kupoza.

Kosa ambalo halitajwi vya kutosha, hasa kwa mashine za paa zenye mifereji ya hewa darini, ni baridi kurudi ilikotoka. Katikati ya tundu la paa kuna kizuizi kinachotenganisha hewa inayovutwa na hewa inayosukumwa. Kikiwa na mwanya, sehemu ya hewa baridi inanyonywa palepale bila kuona chumba. Mashine inajipoza yenyewe, kihisio cha barafu kinashtuka, kompresa inazima baada ya dakika chache, inawaka tena, inazima tena, na chumba kinabaki na nyuzi 30. Watu wamenunua mashine mpya kwa sababu ya mwanya wa upana wa kidole.

Kuugundua, tembeza kipimajoto kwenye kona zote nne za grili ya kuvuta hewa. Kona moja ikiwa na ubaridi wa nyuzi kadhaa zaidi kuliko hewa ya katikati ya chumba, mwanya uko upande huo. Chomoa karavani kwenye umeme, fungua skrubu za grili (nyingi zina nne), angalia kwa tochi kati ya paa na dari. Ziba kila upenyo kwa utepe wa alumini wenye gundi, baada ya kufuta vumbi kwa spiriti. Utepe wa kitambaa usiutumie, kwa kuwa gundi yake huachia kwenye joto la paa. Penye pengo kubwa weka kwanza kipande cha sponji ngumu ya kuhami joto, kisha utepe juu yake. Tazama pia mdomo wa kila mfereji: mara nyingi ukingo wake haukukatwa sawasawa, na hewa inaingia kwenye uwazi wa dari, inapoza mbao. Baada ya kuziba, pima upya kwa dakika 20. Mara nyingi tundu la mbali kabisa ndilo linaloonyesha badiliko kubwa.

Mashine za chini ya kitanda zina udhaifu wao. Mabomba ya hewa yanayopita kwenye masanduku hukanyagwa na mizigo au huchomoka kwenye kiungo. Ukiona hewa dhaifu kwenye tundu moja tu, fuata bomba lake kwa mkono hadi mwanzo. Na hewa ya chumba lazima ipate njia ya kurudi ndani ya sanduku lenye mashine. Ukilijaza blanketi mpaka pomoni, umeziba pua.

Hewa ya nje

Joto lililotolewa chumbani lazima litupwe nje kupitia koili ya joto. Ikiziba, mgandamizo unapanda, kompresa inavuta ampea nyingi, na kinga inaikata, tena saa ileile ya jua kali unapoihitaji.

Kwa mashine ya paa, chomoa umeme, panda kwa ngazi imara, na kama lazima ukanyage paa tandika ubao mpana unaogawa uzito juu ya mihimili. Paa nyingi za karavani hazikujengwa kubeba mtu. Fungua kifuniko cha plastiki taratibu, kwa sababu jua hukikausha kikawa kama ganda la yai karibu na skrubu. Toa majani, viota vya nyigu, mbegu zenye manyoya. Sugua mapezi kwa brashi laini kwa mwelekeo wa mapezi yenyewe, wima kwa wima, kisha osha kwa maji ya bomba yasiyo na shinikizo, kutoka ndani kwenda nje, ukiwa umefunika kisanduku cha umeme na mota ya feni kwa plastiki. Mashine ya kuoshea magari italaza mapezi yote chini kwa sekunde mbili. Yaliyolala yanyooshe kwa kitana cha mapezi.

Zungusha feni kwa kidole. Inapaswa kuendelea kidogo baada ya kuiachia, bila kukwaruza. Feni nzito ina bearingi iliyokauka.

Mashine ya chini ya kitanda hupumua kupitia matundu ya sakafuni. Lala chini utazame: tope la barabarani, majani marefu, jeki iliyowekwa mbele ya tundu. Kuna jambo moja linalowapita wengi. Wakishafunga lile pazia la chini linalozuia upepo kati ya karavani na ardhi, hewa moto haina pa kwenda, mashine inaivuta tena na tena. Fungua upande mmoja wa pazia, ule wa kivuli. Hema la pembeni lililofungwa pande zote juu ya tundu la kutolea joto lina matokeo yaleyale.

Mashine nzima, chumba cha moto

Ikiwa tofauti yako ilikuwa nyuzi 10 na bado unaungua, usiifungue mashine. Kiyoyozi cha karavani kina nguvu ya kupoza ya kilowati 1.7 hadi 4. Ile 13,500 inayoandikwa kwenye mashine kubwa za paa ni BTU kwa saa, sawa na karibu kilowati 4. Jua la adhuhuri linaleta hadi wati 1,000 kwa kila mita mraba. Madirisha matatu ya akriliki ya nusu mita mraba, yasiyo na kivuli, yanaweza kuingiza kilowati nzima, yaani nusu ya kazi ya mashine ya kilowati 2. Mtu aliyekaa anatoa wati 100 hivi, na jiko la gesi lenye moto mmoja mkubwa linatoa joto la kutosha kuimaliza mashine ndogo yote, pamoja na mvuke wake.

Funika madirisha kwa shuka za kung'aa kwa nje, siyo ndani. Joto likishapita dirisha limeshaingia. Washa kiyoyozi asubuhi kabla kuta, godoro na kabati havijala joto, kwa sababu vitu hivyo vikishapata moto vinatoa joto usiku kucha. Pika nje. Tegemea nyuzi 8 hadi 10 chini ya joto la nje siku ya jua kali, na uhesabu zaidi ya hapo kuwa zawadi. Matundu ya hewa safi yaliyo sakafuni na darini kwa ajili ya usalama wa gesi ya kupikia usiyazibe kamwe, hata kama yanapitisha joto kidogo.

Kompresa isiyoanza

Kuanzia hapa unashika sehemu zinazoua. Chomoa plagi ya nje, usitegemee swichi, na uhakikishe kwa multimita kwamba hakuna volti. Asiyezoea kazi ya umeme aishie hapa amwite fundi.

Kompresa inayonguruma sekunde chache, ikafuata "tak", kisha kimya, halafu ikarudia baada ya dakika kadhaa, mshukiwa wa kwanza ni kapasita. Iko ndani ya kisanduku cha umeme: kopo la fedha au la plastiki lenye ncha mbili au tatu. Kichwa kikiwa kimevimba au mafuta yanavuja, badilisha bila kupima. Kwa vyovyote vile, itoe chaji kwanza kwa kugusanisha ncha kupitia rezista ya omu 20,000 yenye uwezo wa wati 2 kwa sekunde tano, kisha thibitisha kwa mita kwamba volti zimekwisha. Kugusanisha kwa bisibisi kunapiga cheche na kunaweza kuharibu kapasita nzima.

Piga picha ya nyaya, zichomoe, pima kwa alama ya mikrofaradi. Kapasita ya 35 yenye ruhusa ya asilimia 5 isome kati ya 33.25 na 36.75. Ikisoma 28, umempata. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile, na volti sawa au zaidi ya zilizoandikwa kwenye ya zamani, kamwe si pungufu. Ile yenye ncha tatu inahudumia mota mbili: C ni ya pamoja, HERM ni ya kompresa, FAN ni ya feni. Upande wa feni ukifa, kompresa inaanza vizuri na kuzima kwa joto baada ya dakika chache, jambo linalopoteza mafundi wanaotazama upande mmoja tu.

Kapasita ikiwa nzima, pima mizingo ya kompresa (nyaya zilizozungushwa ndani ya mota yake) kwenye ncha C (ya pamoja), R (ya kuendesha) na S (ya kuwashia). Kipimo cha R na S kiwe jumla ya vile viwili vingine: kwa mfano C na R omu 2, C na S omu 4, R na S omu 6. Ikiwa R na S zinasoma lakini C haisomi na yoyote, kinga ya ndani imefunguka kwa joto. Iache ipoe saa moja au zaidi kabla ya kuhukumu. Ukipata usomaji wowote wa omu chache kati ya ncha na bomba la shaba lililokwanguliwa rangi, mzingo umegusa mwili na kompresa imekwisha. Dalili ya nje ya hali hiyo ni swichi ya kinga ya milliampea 30 kuruka kila kompresa inapotaka kuanza. Kompresa za inveta, zile zinazobadili kasi badala ya kuwaka na kuzima tu, hazifuati hesabu hiyo: ncha zake tatu husoma sawasawa, na hazina kapasita ya kuwashia.

Kihisio cha joto ni kijiti kidogo chenye nyaya mbili. Kwa nyuzi 25 vingi husoma omu 5,000 au 10,000, na namba hushuka ukikishika kiganjani. Kisichobadilika kimekufa.

Mashine inayopoza na kupasha ikitoa hewa moto ukiwa umechagua baridi, shuku vali ya kugeuza mzunguko. Badilisha hali kwa rimoti, uipe dakika zake 3, usikilize "tak" na mfoko wa gesi. Pasiposikika kitu, angalia plagi ya koili ya vali (sumaku ya umeme inayoisukuma) kabla ya kuilaumu vali yenyewe. Mtetemo wa barabara huichomoa.

Gesi

Sasa ndipo zamu yake. Bana waya mmoja wa kompresa, si zote mbili kwa pamoja, kwa mita ya klampu, ulinganishe na ampea zilizo kwenye kibandiko cha mashine. Ampea chache kuliko kawaida, bomba la kutoka kompresa lenye uvuguvugu tu badala ya moto, koili ya baridi yenye ukungu mwanzoni na kavu sehemu iliyobaki, tofauti ya joto ya nyuzi 3: hiyo ni gesi. Tafuta doa la mafuta kwenye maungio, kwa kuwa mafuta ya kompresa hutoka pamoja nayo. Ampea chache bila ukungu wowote, huku gesi ikiwapo, ni kompresa ambayo vali zake za ndani zimechoka.

Mashine nyingi hizi hazina mdomo wa kujazia. Fundi analazimika kulehemu mdomo, kuziba mvujo, kuvuta hewa yote kwa pampu ya ombwe, na kujaza kwa mizani ya gramu kulingana na kibandiko, kwa sababu mfumo wenyewe hubeba mamia machache tu ya gramu na kosa la gramu 50 linaonekana. Anayejaza bila kuziba mvujo anakuuzia wiki chache. Gesi iitwayo R32 inaweza kuwaka na ile ya R290 ni propani, hivyo mpigie fundi mwenye vifaa vyake na usikubali mwali wa moto karibu na mfumo ambao haujatolewa gesi yote.

Mvujo ukiwa ndani ya koili ya baridi ya mashine ya zaidi ya miaka kumi, bei ya kazi hukaribia mashine nyingine. Kabla ya kununua pima tundu la paa, kwa kawaida sentimita 35.5 au 40 kila upande, na uzito, maana kilo 30 hadi 45 juu ya paa lazima ziingie kwenye uzito unaoruhusiwa wa karavani. Wakati wa kufunga, kaza bolti kwa zamu, kona kwa kona, hadi gasketi ibaki kama nusu ya unene wake pande zote. Ikikazwa zaidi paa linajipinda na maji ya mvua yanaingia. Ikilegea, hewa baridi inatorokea kati ya paa na mashine. Siku ileile washa kwa dakika 20, pima joto la kuingia na la kutoka, ukaandike namba hizo kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati.